Aliyeiuza Twaseka

Siku Zondiwe Jere alipogonga geti la Bana Chishala, yaani Mama Chishala, mtaani Chimwemwe, mama huyo alimwacha asimame juani kwa dakika ishirini nzima. Alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na minne kabla ya kustaafu, na aliamini kwamba mtu mwenye nia mbaya hakawii kujionyesha ukimnyima kiti.

"Umesema unaitwa nani?" aliuliza, mkono ukiwa juu ya komeo.

"Zondiwe Jere, mama."

"Mngoni."

"Mngoni, lakini nimezaliwa hapa hapa Kitwe."

"Basi ni mtani wangu. Na mtani akija na mkoba mkubwa namna hiyo lazima niulize. Una panya wangapi humo?"

Kijana, mtu wa miaka kama thelathini, aliuweka mkoba chini. "Panya nimewaacha nyumbani, mama. Nilisikia Wabemba mkiona nyama ndogo mnakasirika, mmezoea nyani."

Jibu lilikuwa zuri, lakini Bana Chishala hakucheka. Alikwisha kuona wengi wenye majibu mazuri. Miaka miwili kabla, alikuja mmoja aliyevaa tai akasema anakusanya majina ya wasanii wa zamani ili walipwe kiinua mgongo. Akaondoka na nakala ya kitambulisho chake na picha mbili za harusi, na hadi leo hajaonekana.

"Unatafuta nini?"

"Natafuta watu wa Twaseka."

Jina hilo, ambalo maana yake ni "tumecheka", hakuwa amelisikia likitamkwa mbele yake kwa muda mrefu. Watu walilisema pembeni, alipokwisha kupita. Katika miaka yake, Alhamisi saa moja jioni, Kitwe nzima ilinyamaza. Wenye televisheni walifungua madirisha ili wasio nayo wasimame nje na watoto wao mabegani. Kilikuwa kipindi cha nusu saa tu cha vichekesho vifupi vifupi: mlevi na mama mwenye nyumba, nesi na mgonjwa asiyeumwa, mchungaji na kuku wa mchango. Waigizaji walikuwa wanne. Gibson Mukuka, mume wa Bana Chishala, ndiye aliyeandika. Bana Chishala mwenyewe, enzi hizo akiitwa Felistas, aliigiza mama mwenye nyumba na wanawake wengine wote wakali. Idah Nsofwa aliigiza wasichana wenye maringo. Wa nne alikuwa Boniface Lombe, na huyo ndiye aliyependwa kuliko wote.

Boniface aliigiza Bwana Karani, mtu aliyekaa na meza yake nje ya posta akiwasomea barua wasiojua kusoma. Ila Karani hakusoma kilichoandikwa. Alisoma anachokitaka yeye. Mama akija na barua ya mwanawe, Karani alikohoa, akainyoosha karatasi, akasoma kwa sauti ya bungeni: "Mama mpendwa, mimi ni mzima, na huyu bwana anayekusomea naye angekuwa mzima zaidi kama angepata yule jogoo wako." Mpaka leo, ukimdanganya mzee yeyote sokoni Chisokone juu ya bei, atakwambia: sasa unasoma kama Karani.

"Twaseka imekufa," alisema Bana Chishala. "Studio ilikuwa na kanda chache. Wiki ikiisha wanarekodi mpira juu yetu. Hakuna kilichobaki. Aliyekwambia kipo amekula hela yako."

Zondiwe alitoa simu, akaibonyeza, akaipitisha katikati ya nondo za geti.

Ilikuwa sekunde ishirini tu. Picha ilitetemeka, ikawa na mistari, kisha Gibson akatokea na kofia iliyoumuka kama mgongo wa kobe, hai, meno yote nje, akimwambia mtu asiyeonekana: "Sogea nyuma, hii foleni ina wenyewe." Nyuma yake alisimama mwanamke wa miaka thelathini na minne, mikono kiunoni. Bana Chishala alimtazama mwanamke huyo kwa sekunde chache kabla hajajitambua.

Alirudisha simu. Akafungua geti, lakini kiti alichompa kilikuwa cha jikoni, kisicho na mgongo.

"Umeipata wapi?"

Alieleza. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa redio na televisheni, kule mjini karibu na kituo cha mabasi. Mzungu mmoja wa mgodini alimletea mashine ya video iliyokwama, kisha akahama nchi bila kuifuata. Mashine ilikaa kwenye rafu zaidi ya miaka thelathini. Baba alipofariki, Zondiwe aliifungua ili auze vipuri, akakuta ndani kanda ambayo mzungu huyo alirekodia kipindi kutoka hewani.

"Kipindi kipi?" aliuliza Bana Chishala, ingawa ile foleni alikwisha kuitambua.

"Kimoja tu, mama. Kile cha mwisho. Cha mafuta."

Aliuliza nani mwingine ameiona. Hakuna. Nani aliyempa anwani yake. Aliulizia kwa walimu. Boniface Lombe je, amekwenda kwake? Bado, lakini amesikia anaishi Mindolo. Zondiwe alitaka kuonyesha kanda hiyo kwenye ukumbi wa kanisa, Jumamosi mchana, waigizaji waliobaki wakae mbele wazungumze. Watu wanakumbuka sana, alisema. Wazee wanalia wakisikia tu kwamba ipo.

"Rudi Jumanne na mashine yako," alisema Bana Chishala. "Na kama una karatasi ya kutia saini, ilete, niisome kwanza."

Alipoondoka, mama alitoka hadi barabarani kuhakikisha hakuna gari lililokuwa likimsubiri.

*

Jioni ile ile alikwenda kwa Idah, mtaa wa pili. Idah alikuwa amepungua mwili lakini maringo hayakupungua. Hata kwenye kukaanga vitumbua alivaa hereni. Aliisikiliza habari yote bila kugeuza kichwa kutoka kwenye kikaango.

"Huyo katumwa na Boniface," alisema.

"Anasema hawajaonana."

"Atasema wameonana? Bana Chishala, wewe ni mwalimu lakini mambo mengine unaletewa sumu kwenye kijiko unaiita chai. Mwaka wa elfu mbili na kumi na saba ndipo kanda inajitokeza? Boniface anazeeka, anataka kuagwa vizuri. Anataka watu wakae ukumbini wacheke, wasahau."

Bana Chishala hakubisha, kwa kuwa naye njiani aliwaza hayo hayo.

Kilichotokea mwaka themanini na tano kila mtu wa Kitwe alikuwa na namna yake ya kukieleza, lakini mwisho ulikuwa mmoja. Mwaka huo mafuta ya kupikia yaliadimika. Gibson aliandika igizo la foleni dukani: Karani anawasomea watu tangazo lililobandikwa mlangoni, na tangazo linasema mafuta hakuna, mafuta yote yako kwa mkubwa, sebuleni, chini ya kochi. Alhamisi adhuhuri mkubwa wa vipindi, Bwana Sikota, aliisoma karatasi na kuifuta kwa kalamu nyekundu, maana yupo mkubwa mmoja wa wilaya aliyesemwa kwamba kochi lake limeinuka kwa madumu. Maneno mapya yakaandikwa: mafuta yatafika Jumatatu. Kila mwigizaji akapewa karatasi mpya. Tangazo la mlangoni nalo likabadilishwa, herufi kubwa za rangi.

Kipindi kilikwenda hewani moja kwa moja. Boniface akasimama mbele ya tangazo jipya, akanyoosha kidole, na akasoma maneno ya zamani yote, neno kwa neno, mpaka kochi.

Jumatatu Twaseka ikafutwa. Gibson akaondolewa na kazi yake ya mchana kwenye gazeti la mgodi, asipate nyingine ya maana mpaka alipofariki mwaka tisini na nane. Idah akahojiwa siku mbili. Lakini Boniface, mchimbaji wa chini ya ardhi, ndani ya miezi miwili akapandishwa juu kuwa mlinzi wa lango la ukumbi wa starehe, tena akapewa nyumba ya mgodi ya vyumba viwili. Mtu afanye kosa kama lile kisha apewe nyumba? Watu walipiga hesabu wenyewe. Alilipwa aiangushe Twaseka. Wakamwita Yuda, kwanza pembeni, halafu usoni.

Gibson peke yake hakulisema neno hilo. "Mwache Boniface," ndilo jibu lake kila mkewe alipoanza. Bana Chishala aliuita huo upole wa kijinga. Na Gibson alipokufa, Boniface alipofika msibani na mzigo wa kuni kichwani, ni yeye mjane aliyewaambia kaka zake wamrudishe getini. Walimrudisha. Kuni alizitua barabarani, akaondoka, na hakuna aliyezigusa mpaka mvua ziliponyesha.

*

Jumanne walikaa watatu sebuleni, kompyuta ya Zondiwe juu ya meza na kitambaa cha meza kimekunjwa pembeni. Idah alikuja na kiti chake kutoka kwake, kana kwamba viti vya watu vinaweza kuwa na siri.

Kipindi kilianza na mlevi. Bana Chishala alijiona akimfukuza Gibson kwa mwiko, na Gibson akianguka kwa namna ile yake ya kukunjika kama hema. Idah alipotokea na viatu virefu, Idah mwenyewe alitoa sauti ndogo kooni. "Nilikuwa na miguu," alisema. Zondiwe aliyajua maneno yote. Midomo yake ilicheza kabla ya wao kusema. Kwa dakika kumi na mbili hakuna aliyemshuku mwenzake.

Kisha likaja lile la foleni.

Boniface aliingia na koti lililombana, kalamu sikioni. Watu wa studio walipiga makofi kabla hajafungua mdomo. Alipita foleni yote akiwasalimia kama mtu anayekagua gwaride, akasimama mlangoni pa duka. Kamera ikasogea. Tangazo likaonekana lote, herufi kubwa: MAFUTA JUMATATU.

"Haya, tazameni," alisema Idah, akainama mbele.

Karani alikohoa. Aliweka kidole juu ya tangazo, akasoma: "Wananchi wapendwa, mafuta hakuna. Msipigane. Mafuta yako salama kwa mkubwa, sebuleni, chini ya kochi. Mgeni akija, mkubwa hukaa juu yake."

Kicheko cha studio kilipasua spika ndogo za kompyuta. Watu waliokuwa wakiona herufi na kusikia maneno mengine walidhani ni utundu mkubwa kuliko wote.

"Umeona anavyotabasamu?" alisema Idah. "Herufi hizo hapo, kama nyumba. Kipofu angeziona. Kaziangalia, kazikataa, katabasamu. Huyo alikwisha kulipwa."

"Rudisha nyuma," Bana Chishala alimwambia Zondiwe.

Alirudisha.

"Tena."

Mara ya tatu Bana Chishala hakusikia tena maneno. Alikuwa akitazama kidole. Kidole cha Boniface kilianza mwanzo wa tangazo, kikateleza taratibu, kikafika mwisho wa neno la pili na kutoka nje ya karatasi, kikawa kinatembea juu ya mbao tupu za mlango, na mdomo bado ulikuwa na safari ndefu. Kisha kikarudi, kikapita tena juu ya herufi zile zile mbili tatu, bila kusimama popote.

Kidole hicho alikijua. Alikaa nacho miaka thelathini na minne, kila Januari, kwenye madawati ya mbele. Ni kidole cha mtoto aliyekariri ukurasa kwa kumsikiliza mwenzake. Mdomo unaimba ukurasa mzima, kidole kinatembea kwa heshima tu.

"Bana Chishala," aliita Idah. "Umeona au hukuona?"

"Nimeona."

"Basi."

"Ndiyo," alisema. "Basi."

Idah alichukua kiti chake akaenda zake ameridhika. Bana Chishala alibaki amekaa. Mambo yalianza kumjia bila kuitwa. Kila Jumatano Boniface alikuwa akija, akakaa na Gibson nyuma ya jiko na mtungi wa munkoyo, na Gibson akimsomea karatasi zote kwa sauti, tena na tena. Yeye akidhani wanakunywa tu na kupoteza muda. Barua za mwaliko Boniface alizikunja na kuzitia mfukoni, akisema atazisoma nyumbani akitulia. Na Alhamisi ile, tangu adhuhuri mpaka saa moja, Gibson alizuiwa ofisini kwa Sikota. Hakukuwa na mtu wa kumsomea.

Au ilikuwa hivyo kwa sababu yeye sasa alitaka iwe hivyo? Mtu aliyefukuza mgeni msibani anaweza kujitafutia chochote. Bana Chishala alijishuku kama alivyomshuku kila mtu.

"Ile karatasi ya saini," alimwambia Zondiwe. "Nipe mbili. Moja nitampelekea Boniface mwenyewe."

Aliisoma ya kwanza palepale, akiwa na kalamu. Kwenye kifungu cha tatu alisimama. "Hapa umeandika kwamba sura zetu, sauti zetu na majina yetu ni mali yako milele, duniani na penginepo. Penginepo ni wapi? Mbinguni?"

Zondiwe alishika shingo. "Nimeitoa mtandaoni, mama. Sikuisoma yote."

"Mngoni akikuta kitu njiani anakitia tu mfukoni." Alikifuta kifungu hicho kwenye karatasi ya kwanza. Ile ya pili aliiacha kama ilivyo.

*

Boniface Lombe alikuwa akiishi chumba cha uani kwa bintiye, Mindolo. Nyumba ya mgodi aliirudisha zamani. Bana Chishala alimkuta amekaa kwenye benchi, akipukuchua mahindi ndani ya beseni, mzee mwembamba wa miaka sabini na kitu, koti lake likimpwaya. Alipomwona Bana Chishala aliacha kazi, akasimama, akapiga makofi ya taratibu ya kusalimia, kama anavyosalimiwa mkwe.

"Shemeji."

"Boniface."

Hawakuwa wamezungumza kwa miaka kumi na tisa. Alimwachia benchi, yeye akageuza ndoo akakalia. Walisemezana habari za watoto, kwa kuwa lazima useme kitu. Kisha Bana Chishala akaeleza juu ya kanda. Uso wa Boniface haukubadilika alipotaja Gibson wala alipotaja ukumbi wa kanisa. Ulibadilika alipoitoa karatasi.

"Kijana anataka tutie saini. Isome, uone kama unakubali."

"Miwani iko kwa fundi, shemeji."

"Tumia yangu."

Alivua miwani yake akampa. Boniface aliivaa. Aliishika karatasi kwa mikono miwili, kwa umbali unaofaa, akaikunjia uso kama mtu wa sheria. Upande aliushika sawa. Alikuwa amejifunza mambo mengi ya nje ya kusoma: kutikisa kichwa, kurudi juu kidogo, kushusha pumzi. Bana Chishala alitazama macho. Yalikuwa yametulia mahali pamoja, katikati ya ukurasa, kama macho ya mtu anayesubiri basi.

"Maneno mazuri," alisema Boniface.

"Kifungu cha tatu unakikubali?"

"Hakina shida."

"Kinasema sura yako ni mali yake milele. Ukifa, ya kwake bado."

Kuku alikuja akadonoa punje pembeni ya beseni, hakuna aliyemfukuza. Boniface alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya koti, akamrudishia.

"Umejua lini?"

"Jumanne."

"Mimi nilidhani Gibson alikwambia siku ile ile usiku. Nikadhani unajua, ila umenichukia tu."

"Hakusema kitu. Miaka kumi na mitatu alikuwa akiniambia mwache Boniface, mwache Boniface."

"Nilimwapisha kesho yake." Sauti yake ilikuwa chini. "Alitaka kusema, tena kwa watu wote. Nikamwambia, ukisema nitaruka ndani ya shimo la mgodi, na nilikuwa sitanii. Bwana Karani wa Kitwe nzima, shemeji. Watoto walikuwa wakinifuata barabarani na vikaratasi, soma, Karani, soma. Nisimame niseme sijui hata A? Heri Yuda. Yuda angalau alijua anachofanya."

"Na nyumba ya mgodi?"

"Gibson alimwomba mjomba wake wa ofisi ya mgodi. Alisema chini kuna maandishi ya hatari kila ukuta, ipo siku nitapita chini ya neno na kufa. Aliona hilo hata baada ya kufukuzwa kazi kwa ajili yangu." Aliokota punje iliyoanguka chini. "Alhamisi ile nilipewa karatasi mpya. Nikajua ni mpya kwa kuwa ilikuwa nyeupe mno. Nikamtafuta Gibson, hayupo. Ulikuwepo wewe, unapaka poda."

Bana Chishala alikumbuka. Boniface alisimama nyuma yake kwenye kioo, karatasi mkononi, akasema "Mwalimu," naye akajibu bila kugeuka, "Nini tena?"

"Ungeniambia," alisema sasa.

"Kwa mwalimu ndiyo vigumu zaidi."

Alitaka kusema neno juu ya kuni. Alilitafuta njia nzima ya kuja, na alipolipata likawa halitoki. "Msibani," alianza.

"Niliziona," alisema Boniface. "Nilipita pale baada ya wiki. Zilikuwa bado." Akarudi kwenye mahindi yake, na Bana Chishala, kwa kutojua afanye nini na mikono yake, akachukua gunzi akaanza kupukuchua. Kabla ya kuondoka alimsomea karatasi yote, kifungu kwa kifungu, akafuta cha tatu. Boniface alitia saini: jina alilolichora kama picha, akianzia mwisho.

"Watu wasijue," alisema. "Hata sasa. Hasa sasa. Ukisema, siji."

*

Jumamosi saa nane mchana ukumbi wa kanisa ulijaa mpaka madirishani. Walikuja wazee kwa fimbo, na vijana walioburutwa na wazee. Kanda ilipoanza, wengine walisema maneno kwa sauti pamoja na waigizaji. Vijana walicheka mahali wazee hawakutarajia, na mahali pengine hawakucheka kabisa. Msichana mmoja baadaye aliuliza kwa nini watu wanapanga foleni kwa mafuta. Gibson alipoanguka kama hema, ukumbi mzima ulipiga kelele za furaha, na Bana Chishala aliinamisha uso.

Boniface aliketi mwisho wa meza ya mbele, Idah mwanzo, viti viwili vitupu kati yao na Bana Chishala katikati. Lilipofika la foleni, kicheko kilikuja kikubwa, halafu kikakatika upesi, kama watu waliokumbuka kitu. Macho yakaenda mwisho wa meza.

Zondiwe aliwasha taa akakaribisha maswali. Mzee mmoja wa mstari wa tatu, fundi bomba mstaafu ambaye kila mtu alimfahamu, alisimama.

"Mimi sina maneno mengi. Tumecheka, tumeshukuru. Lakini yule pale leo yupo, na tangazo wote tumeliona. Nani aliiuza Twaseka, na kwa bei gani? Tuambiwe tukafe na amani."

Idah aliegemea kiti, mikono kifuani. Boniface aliangalia meza. Bana Chishala alimwona akianza kuinuka, na alijua anainuka kwenda mlangoni.

"Hakuna aliyeiuza," alisema Bana Chishala. Hakungoja kipaza sauti. "Ni mimi. Mchana ule nilipewa karatasi mpya za watu wote nizigawe. Ya Boniface niliichanganya, nikampa ile ya zamani, na ile mpya yake ikabaki mkobani mwangu. Naye alifikishwa mlangoni akakuta tangazo jingine, tuko hewani, watu wanasubiri. Ungefanya nini? Alisema alichopewa. Nilipoona balaa limekuwa kubwa nikaogopa, nikanyamaza. Nikaacha abebe yeye."

"Miaka thelathini na mbili?" aliuliza fundi bomba.

"Thelathini na mbili."

"Mwalimu."

"Ndiyo."

Mzee alikaa. Mwanamke nyuma alisema kitu, mwingine akaguna, na guno lile likatembea mstari kwa mstari. Idah alimgeukia Bana Chishala taratibu na kumtazama kama mtu anayeangalia noti mara ya pili kwenye mwanga.

"Karatasi tulipewa mkononi na Sikota mwenyewe," alisema Idah kwa sauti ya chini, ya wao wawili. "Mmoja mmoja. Nilikuwepo."

"Umesahau."

"Sijasahau." Akamtazama Boniface, akamrudia yeye. "Kuna nini kati yenu?"

Bana Chishala aligeukia ukumbi, na Idah akachukua mkoba wake akatoka kabla ya soda. Hawajasemezana tena mpaka leo. Anasema mtaani kwamba Bana Chishala na Boniface walikuwa na mambo yao tangu enzi hizo, maskini Gibson, sasa tumeelewa kwa nini alinyamaza. Wapo wanaoamini. Sokoni wanawake wawili waliokuwa wakimkaribisha kila asubuhi kwa "mwalimu" sasa wanamhudumia bila kuinua macho, na mkwewe amempigia simu kutoka Ndola kuuliza habari gani hizi. Kila mmoja anamjibu hayo hayo: nilichanganya karatasi.

Wiki moja baada ya onyesho Boniface alifika Chimwemwe kwa miguu, ameshika kofia. Bana Chishala alimpa kiti chenye mgongo, akampakulia nshima na mboga za karanga. Alikula nusu kabla ya kusema.

"Nani alikuomba?"

"Hakuna."

"Mimi nilikwisha kuzoea. Wewe hujazoea. Utaona."

"Nimeshaona."

"Na uongo wenyewe hukuusema vizuri. Ulikuwa ukikodoa macho. Gibson angekuondoa kwenye igizo."

"Kula, Boniface."

Akala. Nje, watoto wa jirani walikuwa wakigombania mpira, na mmoja wao akachungulia getini kumtazama mzee wa kwenye televisheni.